Pestri za Embe Nisizozigusa

Mama mkwe wangu alifika kwetu Gongoni, Tabora mjini, Jumamosi saa nne asubuhi akiwa na ndoo ya maembe na begi moja tupu. Ndoo haikunisumbua. Begi ndilo lililonikausha mate. Mtu hatoki kijijini Usoke na begi tupu ila ana la kuchukua, na wa kuchukuliwa alikuwa ndani ya nyumba yangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba: mke wangu, mimba ya miezi saba na nusu.

Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Sina ugomvi na desturi hiyo. Hata mimi nilizaliwa hivyo, kwenye kitanda cha bibi mzaa mama. Lakini mimba yetu ya kwanza tuliipoteza huko huko Usoke. Damu ilianza alfajiri, gari likapatikana jua limeshakuwa kali, na walipofika Tabora mjini wa kuokolewa alikuwa amebaki mmoja tu, mke wangu. Safari hii daktari alimwambia kwa maneno mafupi: usitoke mjini. Kutoka mlangoni kwangu hadi hospitali ni dakika kumi kwa bajaji. Nimezipima mwenyewe mara tatu, mara moja mvua ikinyesha.

Mama mkwe naye alikuwa na hoja yake. Aliamini binti yake alifika Usoke mara ile akiwa amekwisha kuchoka, na kwamba angekaa chini ya macho ya mama tangu mwanzo yasingetokea yaliyotokea. Hakusema hivyo kwa ubaya. Alimzika mjukuu wake kwa mikono yake, na mtu aliyezika hutafuta pa kulaza lawama.

Suluhisho lilikuwa moja tu: yeye ndiye akae kwetu hadi mtoto azaliwe. Na hilo lilikuwa na kizuizi kimoja. Hajawahi kula nyumbani kwangu.

Kwa watu wa upande wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Mjini wengi wameacha. Kanisani unawaona wamekaa benchi moja. Yeye hakuacha. Anaimba kwaya ya Wamoraviani, Biblia anaijua kuliko wanaomhubiria, na bado tukikutana njiani hujifunika kanga na kugeukia michongoma mpaka nipite. Na katika nyumba ya mkwe mama hali chochote mpaka afunguliwe kinywa. Mkwe anatoa kitu, kwa kawaida mbuzi. Mama akishakila, tangu siku hiyo katika nyumba ile anaweza kula na kulala. Mimi nilioa kwa likizo ya wiki tatu, mambo yote nikayafanya mbio mbio kwa kuwatuma ndugu, na hilo la kufungua kinywa tukasema tutalifanya baadaye.

Baadaye ilikuwa imefika. Asipokula kwangu siku ile, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi angepanda basi na mke wangu. Akila, angebaki.

Mbuzi anatolewa na kila mtu. Mimi nilipompigia simu shemeji yangu wiki moja kabla, nilimwambia amfikishie mama ujumbe kwamba mkwewe atamfungua kinywa kwa kitu ambacho hakuna mkwe, tangu Tabora hadi Kigoma, amewahi kukitoa: pestri za matabaka zenye embe ndani.

Nieleze kwa nini nilijiamini. Baba yangu alikuwa mkulima wa karanga na mihogo mbele kidogo ya Isikizya, na alipofariki nilikuwa na darasa la saba na ndala moja iliyoshonwa kwa waya. Nilichoma mkaa. Nilibeba magunia stesheni. Nikaenda Dar es Salaam kwa treni, nimekaa sakafuni, nikaosha vyombo hotelini miaka miwili huku nikisoma sekondari ya jioni, kisha nikaingia chuo na kutoka na stashahada ya upishi. Si cheti cha semina ya siku tatu. Stashahada. Ipo sebuleni kwangu kwenye fremu, mbele ya mlango, ili anayeingia asipate shida ya kuuliza. Baada ya hapo nilifanya kazi Ghuba miaka saba, katika jiko la wapishi arobaini, na meza ya unga ilikuwa chini yangu. Nyumba ya Gongoni nimeijenga kwa unga na siagi. Oveni yangu ya gesi yenye milango miwili ilikuja kwa behewa la mizigo. Wazee wanasema miembe ya Tabora iliota kwenye kokwa za wapagazi waliokuwa wakipita na meno ya ndovu. Wao walipeleka mizigo yao pwani. Mimi nimeutoa wangu pwani nikauleta nyumbani, na hakuna aliyenisaidia kuubeba.

Basi, unga niliukanda Ijumaa. Pestri ya matabaka haina siri nyingi, ina nidhamu. Unga, chumvi, maji baridi, tone la ndimu. Siagi unaiponda iwe bapa, unaifunga ndani ya unga kama barua ndani ya bahasha, unasukuma, unakunja mara tatu, unalaza kwenye friji nusu saa, unarudia. Mizunguko sita. Hesabu mwenyewe: matabaka mia saba na ishirini na tisa. Kwenye oveni siagi inayeyuka, maji yaliyomo yanageuka mvuke, kila tabaka linanyanyua lililo juu yake. Siagi ikiyeyuka kabla ya hapo umekwisha. Unapata kitu kama chapati iliyokata tamaa. Na ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua hazijashika, joto la Tabora limekaa juu ya mabati kama mtu mnene.

Niliamka mapema nikakata miraba, nikajaza embe dodo nililolipika na sukari na mdalasini, nikakunja pembe, nikapaka yai. Kumi na mbili. Zilipotoka saa tano zilikuwa zimesimama vidole vitatu, rangi ya asali, zikilia zenyewe kwa zenyewe kama majani makavu. Mke wangu aliziangalia akasema, "Shefu, leo umejishinda."

"Sijajishinda. Huu ndio usawa wangu."

"Haya. Nipe sahani."

Mama mkwe hakuwa ndani kwetu. Mimi nikiwemo, asingeingia. Alikuwa kwa jirani yetu, ukuta wa pili, bibi mmoja wa Kiislamu, mjane, aliyepika pilau na visheti vya nusu ya arusi za mji huu kabla mimi sijajua kushika mwiko. Nilikuwa nimekwisha kumwamkia mama mkwe kwa utaratibu, nimechutama upande wangu wa ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka upande wa pili. Basi. Hakuongeza salamu ya shamba wala ya safari.

Mke wangu aliondoka na sahani imefunikwa kawa. Nilikaa jikoni nikafuta meza iliyokuwa safi. Nikaifuta tena. Alikaa dakika kumi. Aliporudi alitembea polepole kuliko alivyokwenda, na nilijua kabla hajafunua kawa. Kumi na mbili.

"Hakuonja?"

"Hakugusa."

"Amesema nini?"

"Ameuliza nani kapika." Alijishusha kwenye kiti, mkono kiunoni. "Nikamwambia ni wewe. Akasema, 'Funika, mwanangu. Rudisha.'"

Nilisema maneno ambayo sitayaandika, juu ya watu wasioona mbali ya shamba la tumbaku, na mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole ulioniuma zaidi, "Ni mama yangu huyo."

Bibi jirani hakungoja kuitwa. Aliingia kwa mlango wa uani, akachukua pestri moja bila kuomba, akaing'ata, makombo yakamjaa kifuani.

"Tamu," alisema. "Tamu kweli. Mjinga wewe."

"Bibi, nimekosa nini?"

"Mbuzi wa kufungua kinywa anapelekwa amechinjwa?"

"Hapana. Anapelekwa mzima."

"Anachinjwa na kupikwa na nani?"

Nilitazama sahani.

"Na upande wa mwanamke," akajijibu. "Mkwe analeta, watu wa mama wanapika. Wewe umekwenda Arabuni, umerudi na fremu ukutani, ukampikia mama mkwe kwa mikono yako kama umemuoa yeye. Angekuwepo babu yangu angekukimbiza na mchi."

Nilijua desturi ya mbuzi. Naapa niliijua. Lakini katika kichwa changu mpishi ni mimi, siku zote, katika kila chumba. Halikunijia wazo kwamba pangekuwa na jiko duniani ambalo kazi yangu ni kuleta vitu na kukaa nje.

"Basi nikanunue mbuzi sasa hivi," nilisema nikisimama. "Mnadani nitampata."

"Kaa. Nimeshamuuliza hilo. Anasema kitu cha kufungua kinywa kikishatajwa hakibadilishwi. Kukibadilisha ni kumwita mama mwongo mbele ya ndugu zake. Ulituma neno Usoke kwamba ni pestri. Huko kijijini wote wameshasikia pestri. Atakula pestri au hatakula kitu."

"Na atakula iliyopikwa na nani?"

Bibi jirani alimtazama mke wangu, kisha akatazama meza yangu ya marumaru, oveni yangu, vifimbo vyangu vitatu vya kusukumia vilivyotundikwa kwa ukubwa.

"Wewe toka," alisema. "Atapika mama mwenyewe."

Nilikuwa nimebakiwa na pakiti moja ya siagi halisi. Tabora siagi ya namna hiyo huipati dukani kila siku. Yangu huja kutoka Dar es Salaam ndani ya barafu. Pakiti moja maana yake ni jaribio moja. Niliipanga mezani pamoja na unga uliopimwa, chumvi, ndimu na jagi la maji ya friji, kama mkwe anavyofunga mbuzi kwenye mti na kurudi nyuma. Embe langu lilikuwa limekwisha. Mke wangu akasema mama atatumia yake, ya ndoo. Nilichungulia: viembe vya kienyeji, vidogo, nyuzi tupu.

"Vitaharibu," nilisema.

"Toka, shefu."

Nikatoka. Nilikaa chini ya dirisha la jikoni, upande wa nje, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mgongo ukutani. Juu yangu kulikuwa na wavu wa mbu, na nyuma ya wavu, sauti. Nilisikia ndala za mama mkwe zikiingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu niijenge. Zilisimama sebuleni kidogo. Nadhani aliona fremu.

Ikaanza. Mimi nasema kwa mke wangu, mke wangu anasema kwa mama, ingawa mama alinisikia vizuri kuliko yeye.

"Mwambie asikande sana. Ushikane tu."

"Mama, usikande sana."

"Nimesonga ugali wa watu wa kuvuna tangu hajazaliwa," sauti ikasema. "Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Siagi aiponde kati ya nailoni mbili. Mraba wa kiganja na nusu."

"Kiganja cha nani?" mama akauliza.

Bibi jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni kama refa, akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Saa yangu ilisema saba na robo. Nilikuwa nikihesabu: mizunguko sita, nusu saa kila mmoja, kujaza, kuoka, jua lingekuwa linazama. Na mama alikwisha sema kwamba jua likizama bila yeye kula atafunga kanga na kulala kwa jirani hadi saa ya basi.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukaenda. Embe lilikuwa likichemka. Harufu yake ilishuka dirishani. Nilisema aongeze sukari. Jibu likarudi kwamba embe lina sukari yake, na kwamba kulichuja kwa kitambaa hajafundishwa na mtu. Mke wangu alikuwa amekaa. Nilisikia kiti kikilia kila alipogeuka.

"Unaumwa?"

"Mgongo tu."

"Kapumzike."

"Nani atakusemea?"

Mzunguko wa tatu ulipoisha na unga kuingia kwenye friji, friji ikanyamaza. Unajua ukimya wa friji. Mtaa mzima ulinyamaza pamoja nayo, redio ya fundi viatu, feni, mashine ya kunyoa.

"Umeme," alisema bibi jirani.

"Msifungue friji!" nilipiga kelele. "Mwambieni asifungue! Baridi itakaa saa nzima mkiiacha!"

Nikasikia mpira wa mlango wa friji ukibanduka. Nikasikia donge likiwekwa mezani, pa. Sauti ya mama ikasema taratibu, "Linatoka jasho." Kisha nikasikia maji. Maji yakimiminwa, mengi, kutoka kwenye ndoo.

Sijui niliinukaje. Siagi ya mwisho, unga wa mwisho, na mtu anamwaga maji. Niliona basi la saa kumi na mbili, niliona ile barabara ya vumbi kutoka Usoke na mke wangu amelala kiti cha nyuma. Nilizunguka kona, nikampita bibi jirani begani, nikaingia jikoni.

"Acha! Maji hapana!"

Na hapo nikasimama, kwa sababu nilijua nilipokuwa nimesimama.

Bomba lilidondosha tone. Mama mkwe wangu alikuwa hatua mbili mbele yangu, uso kwa uso, mikono imelowa. Donge halikuwa na maji. Lilikuwa limefungwa kitambaa kikavu, juu yake nailoni, na alichokuwa akilowesha ni gunia la katani, ndani ya karai. Nililitazama lile gunia. Nikalitazama donge. Kwenye kona moja siagi ilikuwa imeanza kuchungulia, doa la njano la ukubwa wa kucha, na bado halijapasuka.

Alivuta kanga kichwani akageuka ukutani. Mimi nikarudi nyuma nikikwaa kizingiti, nikakaa tena juu ya kreti. Mwanamume aliyemwona mama mkwe uso kwa uso siku ya kufungua kinywa hana tena cha kufungua. Bibi yangu mwenyewe angesema hivyo.

Mwishowe sauti ya mama ikauliza, si kwangu, ikiniita kwa neno la kwao la mkwe, "Mkwilima ameniangalia usoni?"

Mke wangu akasema, "Hapana, mama. Ameangalia unga."

Nilidhani anadanganya ili kuniokoa. Kisha nikajipekua, nikakuta ni kweli. Nilikumbuka doa la siagi, nilikumbuka nyuzi za gunia, nilikumbuka hata unga uliokuwa umemkauka kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Uso sikuuona. Hadi leo ukiniuliza alikuwa na sura gani dakika ile sina la kusema.

"Ni kweli," alisema mama. "Nimeyaona macho yake. Yalikuwa kwenye donge. Mwanamume gani anaangalia unga namna hiyo?"

"Ndiyo kazi yake, mama."

"Nilidhani kazi yake ni maneno."

Bibi jirani hakuthubutu kucheka. Nilisikia gunia likikamuliwa. Mama akawa anaongea, na kwa mara ya kwanza hakungoja binti yake amsemee. Aliongea na ukuta, na ukuta ulikuwa na mimi nyuma yake.

"Tumbaku ikishakauka bani, kwenye banda la moto, jani linavunjika ukilitazama. Likilowa linaoza. Msimu mzima tunalinda hapo katikati, kwa gunia bichi na upepo wa mlangoni. Nimelinda mavuno ya watoto saba hivyo. Donge moja halinishindi."

Akalizungushia gunia bichi, akaliweka sakafuni, kwenye saruji, penye upepo kati ya milango miwili. Na akangoja. Nusu saa ikapita. Nikasema wakati umefika. Akasema bado. Dakika arobaini. Nikaona kivuli cha tanki la maji kimefika kwenye kreti langu. Nikasema tena, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akasema, kwa mke wangu, "Mwambie linasema bado." Alikuwa akilipima kwa mgongo wa kidole, mke wangu alinieleza baadaye, kama wanavyopima majani asubuhi yenye umande. Ilipita karibu saa nzima ndipo nikasikia kifimbo kikisukuma, pole pole, kwa mikono isiyo na haraka.

Baada ya mzunguko wa nne akasema inatosha.

"Sita," nilisema. "Mwambie sita. Mizunguko ni sita."

"Jani likikunjwa sana linageuka ugoro."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema, nilikuwa na ukurasa mzima. Lakini mimi ni mtu wa kazi na kazi naijua: katika joto lile, bila friji, mzunguko wa tano ungetoa siagi nje. Hata Ghuba tulikuwa na pestri za mizunguko minne. Nikafunga mdomo. Hilo nalihesabu miongoni mwa mambo magumu niliyowahi kufanya, na nimebeba magunia ya karanga stesheni nikiwa na miaka kumi na nne.

Gesi haijui habari za umeme. Niliwaelekeza kuwasha oveni, nikawaelekeza wangoje ipate moto kamili, nikasema mlango usifunguliwe hata akija mchungaji. Pestri zilikuwa tisa. Jua lilikuwa juu ya paa la jirani, jekundu, kubwa. Niliinuka nikakaa, nikainuka. Kupitia wavu nilisikia mafuta yakitoa sauti ile ndogo ninayoijua, halafu harufu, na harufu ilikuwa sahihi. Pua yangu haijawahi kunidanganya. Lakini harufu sahihi hailazimishi mtu kula.

"Zimetoka," alisema bibi jirani kutoka mlangoni, akijua kwamba sioni. "Moja imepinda. Mbili zimetoa embe pembeni. Nyingine zimesimama."

"Zimesimama kiasi gani?"

"Zimesimama! Unataka nikapime kwa rula? Ngoja. Amekaa. Ameomba maji ya kunawa."

Nikangoja.

"Ananawa. Mkeo anasali. Wameinamisha vichwa."

"Sasa?"

"Bado wanasali. Wamoraviani nanyi! Haya. Amechukua ile iliyopinda. Anaigeuza." Sauti yake ikashuka. "Ameirudisha."

Nilishika ukingo wa kreti.

"Amemwambia mkeo amletee sahani. Hataki kuila mkononi. Ameiweka kwenye sahani. Ameivunja. Ananusa."

Halafu hakusema kitu, bibi yule ambaye tangu nimfahamu hajawahi kunyamaza kwa hiari. Nilisikia. Nilisikia tabaka likivunjika kwenye meno, sauti kavu, nyepesi, kisha nyingine.

"Ina nyuzi kidogo," alisema mama mkwe wangu akitafuna. "Lakini inalika."

Mke wangu ndiye aliyelia. Mimi nilitazama ukuta wa tanki. Bibi jirani akapiga kigelegele kirefu mpaka fundi viatu akaja kuuliza kuna nini.

Sikupata muda wa kufurahi. Mama alikuwa amekwisha kula mbili, na mtu aliyefunguliwa kinywa anakitumia. Akazungumza na binti yake, kwa sauti ya kunifikia.

"Nitakaa mpaka ujifungue. Lakini nyumba moja haiwezi kutulaza mimi na yeye. Mimi nitalala chumba gani na yeye apite ukumbini na taulo? Nyumba nimeiona, ni nzuri, ina nafasi. Atafute pa kulala."

"Mama, ni nyumba yake."

"Ndiyo. Amejenga vizuri. Mwambie namshukuru."

Bibi jirani alinichungulia aone nimelipokeaje. Nilikuwa na maneno mengi. Kila tofali la nyumba ile nalijua. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitoke mahali nilipopajenga mimi. Kisha nikahesabu kitu kingine. Dakika kumi kwa bajaji.

"Mwambie nimesikia," nilisema.

Nililala kwa kaka yangu Isikizya wiki saba, chumba kisicho na dari, kwenye kitanda cha mtoto wake aliyehamia kwa ndugu zake. Kila asubuhi nilipanda gari kuja mjini, nikapika keki za arusi za watu kwenye jiko la kuazima, kwa sababu jiko langu lilikuwa na mwenyewe. Watu walinicheka. Niliwaacha wacheke, hakuna kati yao aliyewahi kuwa na mama mkwe anayejua kuokoa siagi kwa gunia bichi, na nilianza kulisema hilo kwa majivuno kama vile nimemsomesha mimi.

Mtoto alizaliwa Tabora mjini, Jumatano mchana, wa kike. Uchungu ulianza kwa damu, kama mara ile. Mama mkwe hakuuliza mtu. Alisimamisha bajaji akiwa peku, na dakika kumi zilitosha. Mimi nilikuwa kwenye jiko la kuazima nikipaka krimu. Nilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kubebwa na mkunga, na mama mkwe, na bibi jirani, na mke wangu. Mama mkwe alipoona kivuli changu mlangoni alijifunika kanga, akageukia dirisha, na bila kuniangalia akanyoosha mikono upande wangu, mtoto yumo ndani ya kitenge, ili nimchukue.